ATOMU NA KIINI CHAKE: Mambo ambayo mama anapashwa kujua juu ya radio ya hospitali na juu ya mawe ya uraniumu



Siku ya konsultasio ya wajawazito, na siku ya kupima watoto kilo, maulizo haya yanarudi kila mara: Radio inakausha damu? Inaharibu maziwa? Inatoa mimba? Kwa ajili ya woga huu, mama mmoja anakataa radio, na huku anakohoa tangu miezi miwili. Mama mwingine anaikubali, lakini anaficha mimba yake kwa sababu ingali changa na anaona haya kuitaja. Njia hizi mbili zote zina hatari.

Tena hapa kwetu Katanga tuko na mawe ya uraniumu. Watu wamesikia kama mawe yale yanatoa miali ya hatari, na radio ya hospitali vilevile inatoa miali. Basi wanaviweka katika fungu moja. Lakini si kitu kimoja. Kimoja kinazimika kama taa. Kingine hakizimiki hata ukifanya nini. Ili mujue tofauti yao vizuri, tuangalie kwanza ginsi atomu ilivyo. Musiogope neno hili. Mama anayejua kupima chumvi ya mboga anaweza kulifahamu.

1. ATOMU NI KITU GANI?

Chukua kipande cha makala ya mbabula. Ukivunje: ni makala. Ukitwange: umepata unga mweusi, lakini ni makala tu. Kama ungeweza kugawanya unga ule tena na tena, mwisho ungefika kwa chembe ndogo kabisa ambayo ingali na tabia ya makala. Ukiivunja hiyo, makala haiko tena. Chembe hiyo ndiyo inaitwa ATOMU. Atomu ya makala ina jina lake: kaboni.

Atomu ni ndogo namna gani? Angalia metre ya fundi wa nguo. Kati ya alama zake ndogo mbili kuna milimeta 1. Katika nafasi ile unaweza kupanga atomu karibu milioni 10, moja nyuma ya ingine. Jicho haliwezi kuziona.

Vitu vyote vimefanywa na atomu: maji, hewa, sufuria, bukari, maziwa ya mama, mfupa wa mtoto. Namna za atomu zinazopatikana katika dunia si nyingi sana. Ni karibu 90. Zinachanganyika kwa njia mbalimbali, kama vile kwa unga, maji, mafuta na chumvi mama anapika vyakula vya kila namna.

2. NDANI YA ATOMU KUNA NINI?

Atomu ina pahali pawili: KATIKATI na INJE. Mushike sana neno hili, kwa sababu mafundisho yote yanasimama juu yake.

Katikati kuna KIINI. Ndani ya kiini kuna chembe za namna mbili: protoni na netroni. Inje, kuzunguka kiini, kuna chembe nyepesi sana, jina lao ni elektroni. Protoni ina umeme wa namna moja, elektroni ina umeme wa namna ya pili, na namna hizi mbili zinavutana. Ndiyo maana elektroni hazikimbii ovyo. Netroni haina umeme.

Hesabu ya protoni ndiyo inaonyesha atomu ni ya kitu gani:

Hidrojeni (iko ndani ya maji): protoni 1
Kaboni (makala): protoni 6
Oksijeni (hewa tunayovuta): protoni 8
Kalsiumu (mifupa na meno): protoni 20
Chuma (kiko katika damu pia): protoni 26
Risasi: protoni 82
Uraniumu: protoni 92

Kwa kawaida hesabu ya elektroni za inje ni sawa na hesabu ya protoni za katikati. Kaboni ina elektroni 6, kalsiumu ina 20.

Kiini ni kidogo sana mbele ya atomu nzima. Tuseme kiini ni haragi moja, yenye upana wa sentimeta 1. Weka haragi ile katikati ya uwanja wa hospitali. Basi elektroni za inje zingekuwa mbali, mamia ya mita. Kati yao hakuna kitu. Lakini karibu uzito wote wa atomu uko ndani ya ile haragi. Mtu aliyetambua jambo hili ni Ernest Rutherford, katika mji wa Manchester, Uingereza, mwaka 1911. Netroni ilijulikana nyuma, mwaka 1932, kwa kazi ya James Chadwick.

Kuna jambo ingine la kukumbuka. Kazi zote za jikoni na za mwili zinagusa elektroni za inje tu. Moto unapounguza makala, maji yanapochemka, sabuni inapotoa mafuta, tumbo linaposaga chakula, atomu zinaachana na kushikana upya kwa elektroni zao, kama watu wanaoachana na kushikana mikono. Kiini kinabaki kimya katikati, hakiguswi.

3. RADIO YA HOSPITALI INAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Hatusemi juu ya radio inayoimba. Tunasema juu ya mashini inayopiga picha ya mifupa na kifua.

Mwaka 1895, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, mwalimu mmoja jina lake Wilhelm Röntgen alitambua miali ambayo macho hayaioni, na inayopita ndani ya nyama. Moja ya picha zake za kwanza ilikuwa mkono wa bibi yake, Anna Bertha. Mifupa ya vidole ilionekana, na pete kwenye kidole.

Ndani ya mashini, umeme unarusha elektroni kwa nguvu nyingi juu ya kipande cha metali. Zinapogonga na kusimama kwa ghafula, sehemu kubwa ya nguvu yao inageuka joto, na sehemu ndogo inageuka miali. Miali hiyo inapita ndani ya mwili wako na kufika upande wa pili, pahali picha inapofanyika.

Juu ya nini mifupa inaonekana nyeupe? Rudi kwa hesabu yetu. Nyama na maji vimefanywa hasa na atomu ndogo: hidrojeni, kaboni, oksijeni. Zina elektroni chache, na miali mingi inapita. Lakini mfupa una kalsiumu, yenye elektroni 20. Kalsiumu inazuia miali mingi zaidi, na mfupa unaacha kivuli. Mapafu mazima yamejaa hewa, kwa hiyo yanaonekana meusi kwenye picha. Kama kifua kikuu kimeingia, muganga anaona alama nyeupe pahali pasipo pake. Kwa njia hiyo anaweza kujua ugonjwa mapema, mbele haujaambukiza watoto unaolala nao kitanda kimoja.

Sasa musikie vizuri. Fundi akizima mashini, miali imekwisha, kama taa inapozimwa na nyumba kuwa giza. Haibaki ukutani, wala katika nguo, wala katika damu yako. Miali ile haikubadilisha viini vya atomu zako. Kwa hiyo wewe mwenyewe hutoi miali ukirudi nyumbani. Unaweza kumbeba mtoto wako palepale. Unaweza kumnyonyesha palepale. Maziwa ni mazima. Usiyakamue na kuyamwaga.

4. JUU YA NINI TUNAULIZA KAMA UKO NA MIMBA?

Kama miali inakwisha, juu ya nini basi tunauliza? Kwa sababu wakati inapopita, inaweza kugonga elektroni na kuitoa katika atomu. Atomu zilizoshikana mikono zinaachana. Ndani ya kila chembe ya uhai kuna nyuzi nyembamba sana zinazochunga maagizo: hii iwe ngozi, hii iwe jicho, hii iache kukua. Mkono ukiachana katika nyuzi zile, agizo linaweza kuharibika.

Mara nyingi mwili unatengeneza nyuzi zake wenyewe. Lakini mtoto tumboni anajengwa upesi sana. Kila siku chembe zake zinagawanyika na kunakili maagizo yale. Kosa dogo linaweza kunakiliwa pamoja nayo. Ndiyo maana tunamchunga yeye zaidi kuliko mtu mkubwa.

Mujue kama jambo hili lilijulikana kwa kinywa cha wamama. Zamani waganga katika inchi nyingi walipiga radio tumbo la mwenye mimba bila kuwaza sana. Huko Uingereza, dokta Alice Stewart, naye ni mama, aliuliza wamama waliofiwa na watoto kwa kansa, na wamama wengine ambao watoto wao walikuwa wazima. Mwaka 1956 alitangaza matokeo: wale waliofiwa walikuwa wamepigwa radio ya tumbo wakati wa mimba karibu mara mbili kuliko wale wengine. Waganga wengi hawakumwamini kwanza. Miaka ilipita mpaka desturi ile ikaachwa. Wamama walikumbuka na kusema, na kwa maneno yao watoto wengi waliokuja nyuma walichungwa.

Basi na wewe, mama, sema. Fanya hivi:

a) Mbele ya kuingia katika chumba cha radio, sema kama uko na mimba, ao kama siku zako zimechelewa. Hata kama ni juma moja tu, sema. Ukiona haya mbele ya watu, mwite mwuguzi pembeni ao umwonyeshe karatasi yako ya konsultasio.

b) Usikatae radio ya kifua kama muganga anasema ni lazima. Miali inaelekezwa kifuani, na kile kinachofika tumboni ni kidogo sana. Kifua kikuu kisichotunzwa kina hatari kubwa kuliko picha moja, kwako na kwa mtoto.

c) Radio ya tumbo na ya kiuno ni jambo lingine. Muganga ataangalia kama inaweza kungojea mpaka uzae, ao kama kuna njia ingine.

d) Ulipigwa radio mbele ya kujua una mimba? Usinywe dawa za kutoa mimba, wala usikae na woga peke yako. Njoo useme radio ilikuwa ya pahali gani na siku gani. Mara nyingi mtoto hana neno.

e) Mtoto wako mdogo akipigwa radio na kulia, mtu anaweza kuombwa kumshika. Kama uko na mimba, usimshike wewe. Baba yake, ao mtu mwingine asiye na mimba, amshike, naye avae aproni ya risasi. Risasi ina elektroni 82. Inazuia miali vizuri.

f) Ekografi si radio. Inatumia sauti ambayo masikio hayaisikii, na haitoi elektroni katika atomu. Ndiyo maana tunaitumia kuangalia mtoto tumboni.

5. MAWE YA URANIUMU: HAPA KIINI CHENYEWE KINAVUNJIKA

Mpaka sasa tumesema juu ya inje ya atomu. Sasa tuingie katikati.

Ndani ya kiini, protoni zinasukumana, kwa sababu zina umeme wa namna moja. Kuna nguvu ingine kubwa inayozishikisha pamoja na netroni. Katika atomu ndogo nguvu hiyo inatosha. Lakini kiini cha uraniumu ni kikubwa mno. Uraniumu ya kawaida ina protoni 92 na netroni 146, jumla chembe 238. Ni kama mzigo wa kuni uliofungwa kwa kamba fupi: siku moja kipande kinachomoka.

Kipande kinachochomoka ni protoni 2 na netroni 2 pamoja. Kinaruka kwa nguvu nyingi. Kiini kinabaki na protoni 90, na kwa hiyo si uraniumu tena. Kimegeuka kitu kingine. Hicho nacho kinavunjika, na kinachofuata vilevile. Katika njia ile kinapita kuwa radiumu, halafu hewa inayoitwa radoni, mpaka mwisho kinakuwa risasi na kutulia.

Ni nani anaweza kuzima jambo hili? Hakuna. Kumbuka: moto, maji ya kuchemka na sabuni vinagusa elektroni za inje tu. Havifiki kwa kiini. Ukichoma jiwe la uraniumu, ukilichemsha, ukilifua, ukilisaga, viini vyake vinaendelea kuvunjika kama kwanza. Itapita miaka milioni 4,500 ili nusu tu ya uraniumu yake iwe imekwisha.

Miali ya uraniumu ilitambuliwa na Henri Becquerel, huko Paris, mwaka 1896. Mwaka 1898 Marie Curie na bwana yake Pierre walitambua radiumu. Marie Curie alikuwa mama wa mabinti wawili. Alishika vitu hivi kwa mikono miaka mingi, wakati watu walikuwa bado kujua hatari yake. Alikufa mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu, na waganga wanawaza kama miali ndiyo iliuleta.

Na sisi Katanga? Mwaka 1915 uraniumu ilionekana Shinkolobwe, karibu na Likasi. Kwanza Wabelgiji walitafuta radiumu ndani ya mawe yale. Halafu Waamerika walinunua uraniumu yake, na sehemu kubwa ya ile iliyotumiwa katika bomu lililoangushwa Hiroshima, Japani, tarehe 6 mwezi wa 8 mwaka 1945, ilitoka hapa kwetu. Mgodi ulifungwa wakati wa uhuru, 1960. Nyuma ya miaka mingi watu waliingia tena kwa mikono kutafuta kobalti, kwa sababu pale kobalti, shaba na uraniumu vinakaa pamoja. Serikali ilikataza kazi ile mwaka 2004, na katika mwezi wa 7 wa mwaka uleule sehemu ya mgodi ilianguka na kuua watu.

6. MAMA AFANYE NINI NYUMBANI?

Kile kipande kinachochomoka hakiendi mbali. Karatasi moja inakizuia, ngozi ya mwili pia inakizuia. Hatari kubwa ni vumbi likiingia ndani, kwa pua ao kwa kinywa. Ndani ya pafu hakuna ngozi ngumu ya kuzuia. Vumbi linakaa pale na kugonga chembe za mwili mchana na usiku, miaka na miaka. Na mtoto mdogo anatia kila kitu kinywani.

Kwa hiyo:

– Usiache watoto wacheze na mawe ya mgodi, zaidi sana yale yenye rangi nzuri ya njano, ya machungwa ao ya kijani kibichi. Rangi si dawa wala si mapambo ya nyumba.

– Usijenge mbabula, ukuta wala sakafu kwa mawe ya mgodi.

– Bwana yako ao kijana wako akifanya kazi ya kuchimba, avue nguo zake inje, anawe mikono, uso na nywele, ndipo ashike mtoto na kula. Fua nguo zile peke yake, kwa maji, usizikung'ute. Usizichanganye na nguo za mtoto.

– Mfuko uliobeba madini usitie ndani unga, muhogo wala mahindi, hata kama umeufua.

– Usisage wala kupepeta madini ndani ya nyumba ao karibu na jiko, na zaidi sana kama uko na mimba ao una mtoto mgongoni.

– Usichote maji ya kunywa katika mashimo ya mgodi. Kuchemsha kunaua wadudu wa kuhara, lakini hakuondoi madini.

7. MAULIZO YA KUKUMBUKA

Atomu ina pahali pangapi? Pawili: kiini katikati, elektroni inje.

Miali ya radio ya hospitali inatoka wapi? Inatoka kwa elektroni zinazorushwa na umeme. Umeme ukizimwa, miali imekwisha.

Miali ya uraniumu inatoka wapi? Inatoka katika kiini kinachovunjika chenyewe. Hakuna anayeweza kuizima.

Naweza kunyonyesha nyuma ya radio? Ndiyo, palepale.

Neno gani nisisahau mbele ya radio? "Niko na mimba," ao "Siku zangu zimechelewa."

Wamama, mukirudi nyumbani, muelezee na wengine: dada, mukwe, jirani anayekohoa na kuogopa radio, na baba anayeleta mawe mfukoni. Na kama neno moja halikueleweka, uliza mwuguzi siku ya konsultasio. Hakuna ulizo la haya katika mambo ya kuchunga mtoto.